Bahari Sebuleni: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Maji yakikupwa kwa bamvua kule Jambiani, mtu aweza kutembea mguu mkavu nusu ya njia kuelekea mwambani. Saa sita baadaye, pale alipokuwa amesimama kumefunikwa na maji yanayompita kimo mara mbili. Jua limewaka, mawimbi yamepiga, uchafu umechukuliwa, maji mapya yameletwa. Matumbawe yamehudumiwa usiku na mchana bila bili wala fundi.

Shida huanza siku mtu anapotaka kipande cha mwamba huo kiishi sebuleni kwake, Mikocheni, Nyali au Muscat. Kazi zote ambazo bahari ilikuwa ikizifanya bure sasa zinataka plagi. Hapo ndipo mnunuzi mgeni anapojikuta mbele ya orodha ndefu ya vifaa: pampu, taa, vichujio, vipima joto, mashine za kudondosha madini. Wengi hununua kwa macho. Huanza na taa ya bei mbaya inayong'aa buluu, wakaja kugundua kuwa hawana maji safi ya kujaza tangi lenyewe.

Kuna namna rahisi ya kuupanga ununuzi huu. Kila kifaa kiulizwe maswali mawili: kinafanya kazi gani ya bahari, na kikizimika leo, wanyama watavumilia muda gani? Kinachoua kwa saa kinunuliwe kabla ya kinachoua kwa wiki, na kinachoua kwa wiki kabla ya kile kinachopendezesha tu.

Fani yenyewe ilianza kwa vifaa vichache mno. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta nchini Indonesia, alieleza katika jarida la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyokuwa akifuga samaki na matumbawe kwa mawe hai, mapovu ya hewa na mwanga. Mawe hayo yalikuwa yamejaa bakteria na vijidudu waliokula uchafu wa samaki. Lakini Lee alikuwa na bahari ya tropiki jirani. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani waliotaka kumwiga walilazimika kubuni mashine moja baada ya nyingine kufidia kile alichokipata bure. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam yuko karibu zaidi na Lee kuliko na Mjerumani, na orodha yake ya manunuzi inapaswa kuonyesha hivyo.

Mnyama kabla ya mashine

Matumbawe hayafanani kwa mahitaji. Yale laini, kama Sarcophyton inayofanana na uyoga mkubwa, huridhika na mwanga wa wastani na husamehe makosa. Yenye mifupa na nyama nene, kama Euphyllia, hutaka uangalizi zaidi kidogo. Acropora, yale yenye matawi kama pembe, hudai mwanga mkali, mawimbi ya nguvu na madini yasiyoyumba. Gharama ya vifaa vya tangi la Acropora inaweza kuwa maradufu ya tangi la matumbawe laini lenye ukubwa uleule. Mnunuzi akiamua mapema anafuga nini, nusu ya vifaa vilivyoko sokoni havimhusu tena.

Samaki nao hupanga ukubwa wa tangi. Wale wadogo wa chungwa wenye mistari myeupe, waliopata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, hukaa vizuri katika lita 100. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, anayeonekana kwenye miamba yetu ya Bahari ya Hindi, huogelea kutwa nzima na hupigana akibanwa. Chini ya lita 400 asifikiriwe. Pono asifikiriwe kabisa: meno yake yameumbwa kutafuna mwamba, na mwamba ndio mapambo ya tangi.

Kioo na uzito wake

Kwa anayeanza, tangi la lita 200 hadi 300 ni rahisi kulitunza kuliko lile dogo la lita 40 linaloonekana la kujifunzia. Maji machache hubadilika haraka. Samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe katika lita 40, kufikia asubuhi amonia yaweza kuwa imewamaliza wenzake. Katika lita 250 kuna muda wa kugundua.

Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Linabeba takriban lita 240. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake ni karibu kilo 245. Kioo cha milimita 10 kitaongeza kilo 50 hivi, na mawe kilo 20 au zaidi. Kabati la televisheni halijengwi kwa mzigo wa kilo 300 na ushei. Meza iwe ya mbao ngumu au chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, isimame sawasawa kwa pima maji, na kwenye nyumba ya ghorofa ikae kando ya ukuta unaobeba jengo badala ya katikati ya sakafu.

Fundi mzuri wa vioo anaweza kulitengeneza tangi hili mjini. Aulizwe mambo mawili: kama silikoni yake haina dawa ya kuua ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini, na kama anaweza kutoboa tundu la kupitishia maji yanayofurika kabla ya kuunganisha kioo. Tundu hilo hupeleka maji kwenye tangi la pili lililofichwa kabatini, ambalo wafugaji huliita sampu. Huko ndiko hita, kichuja povu na vipimo hukaa, mbali na macho ya wageni.

Maji

Hapa ndipo fedha ya kwanza inapotakiwa kwenda, na ndipo wengi wanapobania. Maji ya bomba, ya boza au ya kisima yana vitu visivyomdhuru mwanadamu lakini hudhuru matumbawe: klorini, nitrati, fosfati, na mara nyingine shaba kutoka kwenye mabomba. Visima vingi vya pwani pia vina chumvichumvi yake. Mashine ya kuchuja maji kwa utando, iitwayo RO, yenye hatua ya mwisho ya kuondoa ayoni huyasafisha hadi kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Mashine hiyo humwaga lita tatu au nne kwa kila lita nzuri moja. Maji hayo yaelekezwe kwenye simtank ya kufulia, yasipotelee mferejini.

Katika maji hayo safi huyeyushwa chumvi maalumu ya matangi, si chumvi ya mezani wala ile ya mawe ya sokoni, maana bahari ina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine mengi ambayo chumvi ya chakula haina. Kwa kawaida lita moja huhitaji gramu 36 hivi, kwa hiyo tangi letu litameza kilo 8 na nusu siku ya kwanza, kisha kilo 3 na nusu kila mwezi ikiwa asilimia 10 ya maji hubadilishwa kila wiki. Lengo ni uchumvi wa 35 kwa 1,000. Kipimo bora cha bei ya kawaida ni refraktomita, iliyosawazishwa kwa maji maalumu ya kiwango cha 35. Ikisawazishwa kwa maji matupu pekee, yaweza kudanganya palepale inapotumika.

Anayeishi pwani ana njia nyingine: kuyateka maji baharini. Yatekwe maji yakiwa yanajaa, mbali na bandari, mikondo ya mito na mifereji ya mji, wala si baada ya mvua za masika zinapoishusha chumvi na kuleta tope. Madumu yawe hayajawahi kubeba mafuta wala dawa. Maji yachujwe kwa kitambaa kizito na uchumvi upimwe kila safari.

Mawe na matumbawe yenyewe ni habari nyingine. Katika hifadhi kama Chumbe, Malindi na Kisite hakichukuliwi kitu, na hata nje ya hifadhi ofisi ya uvuvi iulizwe kwanza. Matumbawe yenye mifupa yamo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Mawe makavu ya dukani yanatosha. Bakteria huyavamia polepole. Amonia hugeuzwa nitriti, nitriti ikawa nitrati. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita, na katika muda huo tangi halihitaji samaki hata mmoja.

Mawimbi na pumzi

Kikizimika, kifaa kinachoua upesi kuliko vyote ni pampu. Maji yaliyotulia hayabadilishani hewa vizuri. Samaki huanza kuhema juu juu, na katika tangi lililojaa, saa chache hutosha kuwaua. Tumbawe nalo halina miguu ya kukifuata chakula wala mikono ya kujipangusa. Mawimbi huliletea na huliosha.

Kanuni ya kazi ni kuzungusha ujazo wa tangi mara 20 hadi 40 kwa saa ndani ya tangi lenyewe. Kwa lita 240 hiyo ni lita 4,800 hadi 9,600 kwa saa. Pampu mbili ndogo zinazotazamana kwa pembe ni bora kuliko moja kubwa: mkondo hugongana na kuyumba kama baharini, na moja ikifa nyingine hubaki. Pampu inayorudisha maji kutoka sampu haihitaji nguvu hizo. Mara tatu hadi tano ya ujazo yatosha, na ikizidi huongeza kelele na bili tu.

Joto: Arusha si Tanga

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, kwa hiyo huanza na hita. Nairobi, Arusha na Mbeya ushauri huo unafaa. Wati moja kwa lita ni kipimo cha salama, na hita mbili za wati 100 au 150 ni bora kuliko moja ya 250. Swichi ya hita huharibika kwa kunata. Ile kubwa ikinata ikiwa imewaka, huchemsha tangi zima usiku mmoja, ilhali ndogo huchelewa kufika huko. Kidhibiti joto cha nje, kinachokata umeme joto likizidi, ni kinga ya bei nafuu.

Pwani swali hugeuka. Bahari ya Zanzibar huwa na nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti na hukaribia 30 mwezi wa Machi. Matumbawe huishi karibu sana na mwisho wa uvumilivu wake. Joto likizidi kilele chake cha kawaida kwa nyuzi moja tu na kudumu wiki kadhaa, hufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe. Ndivyo miamba ya Afrika Mashariki ilivyopauka mwaka 1998. Sebule iliyofungwa madirisha, yenye taa na pampu ndani ya maji, hufika huko bila msaada wa tabianchi.

Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ingawa unyevu wa kaskazi huipunguza nguvu. Mashine ya kupoza maji hufanya kazi hiyo kwa uhakika, lakini hula umeme na hutoa joto chumbani. Mwenye kiyoyozi anayekiwasha kila siku hana haja nayo. Anachohitaji ni kuliweka tangi katika chumba hicho.

Feni huleta deni lake. Maji hupaa, chumvi haipai. Tangi likipoteza lita 3 kwa siku na lisiongezwe kitu wiki nzima, uchumvi hupanda kutoka 35 hadi zaidi ya 38. Kinachoongezwa ni maji safi ya RO yasiyo na chumvi. Kifaa cha kuongeza maji chenyewe, kwa boya au jicho la mwanga, huondoa kero hiyo, ila kichote kwenye dumu la lita 20 na kamwe kisiunganishwe moja kwa moja na simtank. Boya likinata, dumu zima litashusha uchumvi hadi 32 hivi, jambo la kusikitisha lakini la kurekebishika. Simtank ya lita 1,000 itafuga samaki zuliani.

Taa, iliyokuwa ya kwanza sasa ya tano

Taa ya LED imechukua nafasi ya taa za metali zilizokuwa zikichemsha matangi miaka ya tisini. Yanayotazamwa ni mawili. La kwanza ni rangi: mwani wa ndani ya matumbawe hutumia zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo taa ya bustani yenye wekundu mwingi huotesha mwani wa vioo tu. La pili ni nguvu, ambayo hupimwa kwa kipimo cha PAR. Matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150. Acropora hutaka 200 hadi 350. Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazijibu swali hilo. Muuzaji anayeijua bidhaa yake huwa na mchoro wa PAR kwa kila kina cha maji.

Taa mpya ianzwe kwa nguvu ndogo na ipandishwe kwa wiki kadhaa, saa 8 hadi 10 kwa siku. Kosa la kawaida ni kuiwasha yote siku ya kwanza ili jirani aone.

Povu na chokaa

Lile povu la rangi ya kahawia linaloachwa ufukweni siku za upepo ndilo wazo zima la kichuja povu, ambacho wafugaji hukiita skima. Mapovu madogo hupanda kwenye mcheduara. Uchafu wa protini hunata kwenye ngozi ya povu na kumwagikia kikombe cha juu. Kwa kuwa hukoroga hewa, husaidia pia pumzi. Ujazo unaotajwa na watengenezaji huwa wa tangi lenye samaki wachache. Kwa lita 240 kinunuliwe kinachodai lita 400. Tangi la matumbawe laini lenye samaki wawili au watatu linaweza kuishi bila skima iwapo maji hubadilishwa kila wiki bila kukosa.

Matumbawe magumu yakianza kukua hunyonya kalsiamu na alkali kutoka majini, nayo yarudishwe. Kalsiamu ikae karibu na 420 kwa milioni, alkali kati ya 8 na 11 kwa kipimo cha dKH, magnesiamu karibu na 1,300. Mnunuzi huonyeshwa mashine za kila aina. Njia ya zamani ni nafuu zaidi, na kwa Mswahili ina ladha ya kisa: katika miaka ya 1970 Peter Wilkens aliwafundisha wafugaji wa Ulaya kudondosha maji ya chokaa. Mababu waliojenga Lamu na Mji Mkongwe walichoma matumbawe wapate chokaa. Mfugaji huyeyusha chokaa apate matumbawe. Isipokuwa ile ya ujenzi ina uchafu. Inunuliwe hidroksidi safi ya kalsiamu, gramu 2 kwa lita ya maji ya RO, iachwe itue, na maji yake ya juu yadondoshwe polepole usiku. Ni kali kiasi cha kuunguza ngozi. Ikimiminwa kwa kikombe huua.

Umeme

Bei ya kifaa hulipwa mara moja, uniti za umeme (LUKU) hulipwa daima. Pampu, mawimbi na skima za tangi letu zikila wati 75 kwa pamoja, hiyo ni uniti 1.8 kwa siku. Taa ya wati 100 kwa saa tisa huongeza 0.9. Jumla kwa mwezi ni karibu uniti 81. Mashine ya kupoza ya wati 300 ikifanya kazi saa nane kila siku huongeza 72 nyingine, karibu maradufu.

Umeme ukikatika, cha kuokolewa ni mawimbi. Taa na skima visubiri. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ikitumiwa nusu tu, ili isife mapema, na inveta ikila sehemu yake, bado itaendesha pampu ya wati 15 kwa zaidi ya saa 30. Kwa mwenye bajeti ndogo, pampu ya hewa ya betri, ile ya wavuvi wa chambo hai, huwavusha samaki usiku mmoja.

Vifaa vilivyotumika kutoka Marekani vitazamwe mgongoni kabla ya kulipiwa. Vingi ni vya volti 120 na vikiingizwa kwenye 230 ya huku huungua mara moja. Waya wa kila kifaa ushuke chini kuliko soketi ndipo upande, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme, na njia hiyo ya umeme ilindwe na breka inayokata umeme ukivuja.

Vya kungoja ni vingi: taa za kuua vijidudu, vidhibiti vya simu, mashine za kalsiamu. Fedha yake inunue tangi tupu la lita 40, hita au feni na pampu ya hewa kwa ajili ya karantini. Ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon irritans, hutibiwa kwa shaba, na shaba huua matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo samaki mgonjwa hana pa kutibiwa isipokuwa nje.

Vikiwa vyote vimefungwa, tangi likiwa na maji ya chumvi na mawe tu, kuna jaribio moja kabla ya kiumbe yeyote kuingia. Swichi kuu izimwe. Maji ya juu yatashuka kupitia tundu hadi chini ya ukingo wake. Sentimita 3 za tangi letu ni lita 16, na zote lazima zienee sampu. Bomba la kurudishia nalo litavuta maji kinyume mpaka hewa iingie. Kitundu kidogo kilichotobolewa humo, chini kidogo ya usawa wa maji, hulikata. Maji yakitulia, usawa wa sampu uwekewe alama kwa utepe, na chini ya alama hiyo iandikwe kwa wino: umeme ukiwa umezimwa, maji yasipite hapa hata siku moja. Kisha swichi irudishwe, pampu zisikilizwe kama zimewaka zenyewe zote, na zoezi lirudiwe mara tatu, huku mwenye nyumba amechuchumaa na taulo mkononi.